Furaha Nayo Ni Mali ya Umma

Wiki ya mwisho ya Desemba hulibadilisha jiji la Nairobi. Mabasi yaendayo magharibi, Mlima Kenya na Pwani huondoka yakiwa yamejaa, nauli hupanda bila aibu, na tunaobaki nyuma hushangaa kuona kwamba tunaweza kuivuka barabara kuu ya Uhuru bila kukimbia. Katika ofisi za umma hubaki mlinzi, karani mmoja na kalenda iliyokwisha kurasa. Huu ndio wakati ambapo sisi tunaoandika kuhusu siasa huketi kufunga hesabu: ahadi zilizotimizwa na zilizotelekezwa, miswada iliyopitishwa usiku, majina ya waliouawa na ya waliotekwa.

Hesabu hiyo ni ya lazima, na nimeifanya kwa miaka kadhaa. Mwaka huu ninaomba ruhusa ya wasomaji niandike kuhusu jambo ambalo halimo katika daftari hilo, ingawa nadhani ndilo linalolipa daftari lenyewe maana. Ninataka kutetea furaha. Sisemi ile ya matangazo ya biashara, yenye vyupa na fataki. Nasema furaha ndogo, ya bei nafuu, ya kutembea kwa miguu chini ya miti pamoja na rafiki, bila ajenda na bila kumbukumbu za kikao.

Najua neno hilo linawakera baadhi yenu. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye akili kali, aliniuliza muhula uliopita iwapo ni haki mtu kufurahia machweo katika nchi ambamo mama bado anazunguka vyumba vya kuhifadhia maiti akimtafuta mwanawe. Darasa lilinyamaza. Swali lake ni la haki, na halijibiwi kwa mzaha. Nitalirudia. Kwanza nataka tuone kwamba furaha ninayoitetea ina historia, na kwamba historia hiyo ni ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na miguu. Katika mji huu, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea apendavyo. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba hati yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Aliyekutwa njiani bila kipande alikuwa mhalifu. Kutembea kulihitaji sababu, na sababu iliyokubalika ilikuwa moja tu: kumtumikia mtu.

Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliosimama kuupinga utaratibu huo, na alipokamatwa mwezi Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasonga mbele, na risasi zikafyatuliwa. Mahali hapo pako ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku. Wanafunzi huipita kila siku wakiwa na vikombe vya kahawa, na hawaulizwi na mtu waendako. Kutoulizwa huko kulinunuliwa kwa damu.

Lakini uhuru wa miguu haujakamilika. Watu wengi wa Nairobi bado husafiri kwa miguu, na wengi wao hawakuchagua. Simama alfajiri katika njia zinazotoka Kibera au Mukuru kuelekea Eneo la Viwanda, uutazame mto wa watu wanaotembea haraka, kimya, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemeza ujira wa siku. Wanatembea kandokando ya mitaro, juu ya mawe, wakikwepa bodaboda na matatu zilizopanda ukingoni. Katika takwimu za ajali za barabarani nchini Kenya, watembea kwa miguu ndio kundi linalokufa kwa wingi kuliko mengine. Wapangaji wetu hujenga barabara za juu kwa ajili ya wenye magari, na mwenye miguu humwachia vumbi.

Hivyo ninapomsifu atembeaye kwa hiari, siwasahau wanaotembea kwa kulazimika. Ninasema kwamba jiji lenye haki ni lile ambalo mfanyakazi huyo, baada ya kulipwa ujira wa kutosha na kupata njia salama ya kwenda kazini, atabaki na nguvu ya kutoka Jumapili na watoto wake, atembee bila haraka, na akute mti wa kuegemea.

Na hapo ndipo tunapoifikia miti.

Kabla ya Krismasi nilitembea na marafiki zangu watatu kutoka bewa la chuo hadi Msitu wa Karura. Tulipanda kilima cha Makumbusho, tukafuata barabara ya Limuru kupitia Parklands, tukapumzika katika bustani ya City Park, kisha tukaendelea hadi kwenye lango la msitu. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha, anga limeoshwa, na majani bado yana ule ubichi unaodumu wiki chache tu kabla ya jua la Januari kuyakausha. Katika City Park kima walishuka kutoka mitini kuomba njugu kwa ukakamavu wa madiwani wakati wa kampeni. Karura ilitupokea kwa baridi yake ya ghafla, ile inayomgusa mtu shingoni mara tu anapoacha lami.

Ningependa kila mwanafunzi wangu aujue msitu huo kwa nyayo zake. Una zaidi ya hekta 1,000, ndani ya jiji lenye mamilioni ya watu. Una mihuhu na mierezi ya asili, na pia mikaratusi iliyopandwa kwa safu. Una vijito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo inasimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Ukinyamaza utamsikia hondohondo kabla hujamwona. Ukiinua macho kwa subira utamwona mbega, na koti lake jeusi lenye shali nyeupe, akikutazama kama jaji aliyechoshwa na mawakili.

Msitu huo ulikaribia kutoweka. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini kufikia miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimekatwa viwanja na kugawiwa watu binafsi. Ilipofika mwaka 1998 ujenzi ulikuwa umeanza. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani waliingia msituni kupanda miche pale ambapo miti ilikuwa imeng’olewa. Tarehe 8 Januari 1999, siku chache tu baada ya sherehe za mwaka mpya, walivamiwa na walinzi wa kukodiwa, na Profesa akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, aliitia saini kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kuutetea msitu na wakapambana na polisi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Moi alitangaza kusitishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma.

Watu wachache wanaopita Karura kwa viatu vyao vya michezo huikumbuka Januari ile. Siwalaumu. Matunda ya kila ushindi mkubwa wa umma huja kuonekana kama vitu vya kawaida, vilivyokuwapo tangu dunia iumbwe. Lakini ushindi huo haukuwa wa mwisho. Mwaka 2024 mpango wa kupanua barabara ya Kiambu kwa kumega ukingo wa Karura uliibua mzozo upya, na wanaharakati wakalazimika kurudi mahakamani na magazetini. Msitu wa jijini huokolewa, kisha huokolewa tena, kwa kuwa bei ya ardhi haipumziki.

Katiba yetu ya mwaka 2010 iko upande wetu. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 62 inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Ibara ya 69 inaitaka Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Hata Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu chake cha 24, linatambua haki ya kupumzika. Lakini nimefundisha Katiba kwa muda wa kutosha kujua kwamba ibara haitembei yenyewe. Huhitaji watu wanaokipenda kile inachokilinda. Mtu hawezi kupigania kwa miaka mingi msitu anaoujua kwa ramani tu. Profesa Maathai aliandika na kusimulia mara nyingi kuhusu kijito cha utotoni mwake na mayai ya vyura aliyoyachezea. Elimu yake ya juu ilimpa hoja. Nadhani kijito kilimpa ukaidi.

Sasa nije kwa rafiki, kwa maana kutembea peke yako ni kuzuri, lakini mwaka hauagwi na mtu mmoja.

Katika City Park kuna makaburi mawili ambayo kila mwanaharakati kijana anapaswa kuyazuru. La kwanza ni la Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa, mwanahabari na mpigania uhuru ambaye Waingereza walimweka kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake mwezi Februari 1965, hata miaka miwili haijatimia tangu Kenya ijipatie uhuru. La pili ni la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, ambaye alishika cheo hicho kwa miezi michache tu mwaka 1966 kisha akajiuzulu. Murumbi aliishi hadi mwaka 1990, akikusanya vitabu na sanaa za Afrika, na alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pinto. Amelala hapo, pamoja na mkewe Sheila, katikati ya miti na sanamu.

Nilisimama hapo nikiwaza. Mtu aliyekalia kiti cha pili kwa ukubwa nchini angeweza kuchagua kaburi la kifahari popote. Alichagua ujirani wa rafiki. Na bustani yenyewe, ambayo inawahifadhi wote wawili, nayo iliwindwa na wanyakuzi. Sehemu zake zilimegwa kabla ya kutangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2009. Walikuwa tayari kuwauzia watu hata jirani ya wafu.

Wenzangu wa safari hiyo tumefahamiana tangu tulipolala bweni moja. Mmoja ni wakili ambaye kwa miaka miwili hii ameshinda katika vituo vya polisi akiwatafuta vijana waliokamatwa. Mwingine ni afisa wa ngazi ya juu katika wizara mojawapo. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya upili, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Wakili na afisa hawakuwa wamesemezana tangu mwezi Juni. Mmoja alikuwa ameandika, katika kikundi chetu cha simu, kwamba anayelipwa na serikali inayoua hana haki ya kuitwa rafiki. Mwingine akajitoa bila kujibu.

Mwalimu ndiye aliyewaita wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake atakuwepo. Kutoka chuoni hadi Parklands walitembea mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu walioshuka matatu moja kwa bahati mbaya. Hata makaburini walisimama pande tofauti. Msituni, njia inayoshuka kwenda kwenye maporomoko ilikuwa bado na utelezi kivulini. Goti la wakili ni bovu tangu enzi za kandanda ya chuo. Afisa alitangulia, akageuka, akanyoosha mkono. “Shika hapa, wakili.” Wakili akaushika mkono, akashuka, na kwa muda hakuuachia.

Tulipoketi juu ya mawe, maji yakinguruma, afisa alisema bila kumtazama mtu, “Unadhani sisi tulio ndani hulala usiku?” Wakili akamjibu, “Sijui. Hujawahi kuniambia.”

Hawakupatana siku hiyo. Sitaki kuwadanganya kwamba miti ina dawa ya kuponya madonda ya taifa. Lakini walirudi wakibishana kwa sauti, kuhusu amri zilizo halali na zisizo halali, kuhusu mtu wa ndani anaweza kukataa nini, kwa gharama gani, na ni wakati gani kubaki kazini huwa ni kushiriki dhambi. Ulikuwa mjadala bora kuliko makongamano mengi niliyohudhuria mwaka huu. Watu wawili waliokuwa wamenyamaziana kwa miezi sita walikuwa sasa wanabishana, na hiyo ni hatua mbele.

Nimefikiri sana kwa nini iliwezekana pale, ilhali isingewezekana mezani. Wanaotembea hawatazamani usoni. Hutazama mbele, upande mmoja. Ukimya wao hauna aibu, maana miguu inaendelea kufanya kazi. Hakuna skrini ya kukimbilia, hakuna mashahidi wa kushangiliwa nao. Simuni tunaandikiana hukumu. Njiani mtu hulazimika kupunguza mwendo ili mwenzake asibaki nyuma, na anayepunguza mwendo kwa ajili yako ni vigumu kumwita adui kwa moyo mmoja.

Narudi sasa kwa mwanafunzi wangu na swali lake. Je, ni haki kufurahi wakati wengine wanaomboleza?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, tuwaulize waombolezaji wenyewe. Katika mila zetu nyingi matanga hayana kilio peke yake. Watu hupika, husimulia vituko vya marehemu, hucheka hadi machozi ya aina nyingine yawatoke, kisha hulia tena. Hakuna anayewaambia kwamba wamemsaliti marehemu. Furaha inayokaa karibu na msiba haiutukani. Furaha inayoutukana ni ile inayojifanya msiba haupo, na hiyo nami siitetei.

Pili, nimewaona vijana wengi wa harakati wakikauka. Huanza na upendo kwa nchi, na baada ya miaka michache hubaki na hasira peke yake, kisha hata hasira huwaishia, wakahama au wakanyamaza. Wapo waliojiunga na walewale waliokuwa wakiwapinga, kwa kuwa mtu aliyesahau anachokipigania hununuliwa kwa bei rahisi. Dola yoyote inayotaka kutawala kwa hofu hupenda raia aliyechoka, asiye na rafiki, anayeamini kwamba hakuna kitu kizuri kilichosalia cha kulindwa. Kijana anayeujua msitu wake na aliye na rafiki wa kutembea naye ana sababu ya kuendelea hata mwaka unapokuwa mbaya.

Upo pia upinzani wa aina nyingine, kwamba haya ni mambo ya tabaka la kati, ya watu wenye muda na viatu. Upinzani huu una ukweli. Lango la Karura lina ada ya kiingilio, na familia ya watoto wanne kutoka mtaa wa Huruma, ambao umepakana na msitu, huihesabu ada hiyo kwa uchungu. Basi tudai iwepo siku ya bure kwa majirani. Tudai kila kaunti itenge bustani kabla ya kuidhinisha majumba. Tudai njia za miguu zenye vivuli na taa. Jambo likiwa zuri na likawafikia wachache, dawa yake ni kulisambaza.

Kwa hiyo, kabla mwaka haujageuka, ninawaomba mambo machache. Wanafunzi mliobaki mabwenini, nendeni bustani ya miti ya Arboretum, hatua chache kutoka chuoni. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za gari la moshi, na leo ni mahali pa kusoma kitabu ambacho hakimo katika mtaala. Wanaharakati, zimeni simu kwa asubuhi moja. Orodha ya madhila itawangoja, haijawahi kukosa. Watumishi wa umma, ninyi ambao mezani penu hupita hati za viwanja na ramani za barabara, tembeeni kwa miguu katika ardhi mtakayoombwa kuitia saini mwakani. Mlioko mashambani mnajua tayari ninachosema; wapelekeni watoto wa mjini mtoni, muwaonyeshe chemchemi ilikokuwa na kisa cha kukauka kwake.

Na kila mmoja amwite rafiki mmoja ambaye mwaka huu umemtenga naye. Usimwandikie hoja. Mwambie mahali na saa, na umwambie avae viatu vya kutembelea.

Sisi wanne tumekubaliana kukutana tena Januari. Wakili amesema atakuja na orodha ya maswali kwa afisa. Afisa amesema atakuja na fimbo, kwa ajili ya goti la wakili.

Heri ya mwaka mpya, ndugu msomaji.